Viganja vya Ulezi

Jioni ile Tuntufye alipewa kazi ndogo tu. Aende na basi la mwisho kwenye kitongoji cha juu, awapakie watu waliobaki wahamie kijiji kipya, na ahakikishe basi linarudi mjini safi kama lilivyoondoka. Kwenye kuhamisha watu kuna mbuzi, kuna masufuria yenye masizi, kuna watoto wanaotapika. Na basi ni mali ya umma. Ndiyo maana akatumwa yeye.

Maana Sumbawanga nzima hapakuwa na mtu aliyechukia uchafu wa magari kama Tuntufye. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, na mkoa ulipoanzishwa akaletwa kusimamia usafi wa mabasi. Aliyakuta yameandikwa mpaka dari. Zenon na Luciana wamependana kwa mkaa. Dereva ametukanwa kwa chaki. Kiti cha nyuma kilikuwa kimechorwa kwa msumari mambo ambayo hayasemeki mbele ya wakwe. Yeye akakunja mikono ya shati. Chaki aliitoa kwa maji matupu. Mkaa aliutoa kwa majivu na gunzi. Rangi ya mafuta aliisugua kwa mafuta ya taa, taratibu, asije akachubua bati. Aliyekamatwa anaandika alisuguliwa naye vilevile, yaani alipewa gunzi asafishe basi zima huku wenzake wakimtazama.

Akawawekea makondakta amri moja. Alama ikionekana, ifutwe hapo hapo, isisubiri kesho. Alama moja iliyoachwa, alisema, inaita wenzake.

Neno hilo alilipenda sana. Baadaye alitamani asingelisema kabisa.

Walipofika kitongojini jua lilikuwa linazama na upepo wa Ufipa umeanza kuuma masikio. Nyumba zilikuwa zimeezuliwa. Kuta zilibaki zimesimama wazi, na mgambo wawili walikuwa wakihimiza watu wapande. Hakuna aliyegoma. Watu walipanda kimya, wamebeba kuku na magodoro ya majani, wanatazama mbele tu. Oswaldi, dereva, ambaye naye ni Mfipa wa huko huko, hakushuka. Alishika usukani na kuangalia chini.

Basi likawa karibu kujaa. Ndipo Tuntufye alipomwona bibi kizee mmoja amesimama ubavuni mwa basi, ameshika kibuyu kilichokatwa. Ndani mlikuwa na unga wa ulezi uliokorogwa kwa maji baridi. Bibi akachovya mkono. Akaupiga kwenye bati.

Paa.

Kiganja kizima kikabaki pale, cha rangi ya kahawia, kinachuruzika.

"Shikamoo, bibi," Tuntufye alisema. Adabu alikuwa nayo, hilo tusimnyime.

"Marahaba, baba."

"Hicho ni nini tena?"

"Mkono wa nyumba."

"Mkono wa nyumba upigwe kwenye nyumba, bibi. Hili ni basi la watu wote."

"Nyumba si mmeibomoa?" Bibi hakusema kwa hasira. Alielekeza kidevu nyuma ya zizi, palipokuwa na makaburi yaliyoota nyasi. "Wale nao wanahama. Sisi tukihama, mkubwa wa nyumba anapiga mkono kwenye mzigo, ili wajue wafuate nini. Wasipoonyeshwa, wanabaki njiani. Na wa njiani ni wabaya, baba, hata kama walikuwa watu wema."

Basil, kondakta, mtu mzima mwenye sharubu zilizochanwa vizuri, alicheka mlangoni. Alipoona anacheka peke yake akanyamaza.

Tuntufye angeweza kuuacha mkono ule. Ulezi ni chakula, mvua ya kwanza ingeuosha. Lakini macho ya Basil yalikuwa juu yake, na amri ni yake mwenyewe. Akatoa kitambaa mfukoni, kipande cha khanga ya zamani ya mkewe. Akafuta. Akarudia kufuta mpaka bati likang'aa. Akakikunja kitambaa vizuri, akakirudisha mfukoni, kwa kuwa miaka ile nguo ilikuwa ya mgao na hata tambara lilikuwa na thamani yake.

Ndani ya basi watu waliokuwa wakikohoa waliacha kukohoa.

Bibi alimtazama usoni. "Pole, baba," akasema, kisha akapanda.

Tuntufye alishangaa. Pole ya nini? Hakuwa amefiwa, hakuwa ameumia. Akapiga bati mara mbili kumwashiria Oswaldi aondoe gari.

Basi likaondoka. Wakapita kuta za mwisho. Wakapita zizi. Na hapo, ubavuni, upande wa makaburi...

Paa. Paa.

"Tumeacha mtu," Basil alisema, akachungulia dirishani.

Hapakuwa na mtu. Vumbi tu, na nyasi zimelala kwa upepo.

Paa. Paa. Paa. Sasa zilikuwa nyingi, chini na juu ya bati, kama abiria waliochelewa wanaokimbia huku wanapiga gari lisimame. Tuntufye alimgeukia dereva. Oswaldi alikuwa analia bila sauti, mguu umekandamiza mafuta. Hakusimama. Makofi yakawafuata mpaka mtoni, kisha yakakoma.

Hakuna aliyeyazungumzia. Waliwashusha watu kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya Mwimbi, wakarudi mjini. Tuntufye akaenda kwake, akavua koti, akamwachia mkewe Atusaye nguo za kufua, akalala usingizi mzito.

Kulipokucha akaenda karakana. Mlinzi alikuwa amesimama mbali na basi, mikono kwapani.

Ubavu mzima ulikuwa umejaa viganja.

Vya kahawia. Vibichi. Vikubwa vya wanaume, vyembamba vya wazee, na chini kabisa, usawa wa goti, vidogo vya watoto wanaojifunza kusimama. Hewa ya karakana, ambayo siku zote ni ya dizeli, ilikuwa inanukia uji wa ulezi na udongo uliofukuliwa.

"Nani kaingia humu?" Tuntufye akauliza.

"Hakuna, ndugu."

"Basi umelala."

"Bora ningelala," mlinzi akasema.

Tuntufye akachota maji. Viganja vilitoka bila shida, na jambo hilo likamfariji. Kinachotoka kwa maji ni uchafu tu, alijiambia. Kesho yake vikarudi. Akavitoa. Vikarudi tena. Akafunga geti kwa mnyororo, akapaka bati mafuta machafu ya injini ili mkono uteleze. Vikarudi juu ya mafuta. Mwisho akaamua kusimama pale mwenyewe jua likizama, gunzi mkononi, amwone huyo mtu.

Alisimama hatua chache kutoka kwenye basi. Kengele ya misheni ikalia, ikanyamaza. Upepo ukatulia.

Paa.

Mbele ya macho yake. Kiganja kilitokea kwenye bati tupu, maji yakachuruzika toka vidoleni mpaka kwenye tairi. Kikaja cha pili pembeni yake. Halafu kidogo, chini. Hiki kilipigwa polepole, kama mtoto anayeogopa kumsumbua mkubwa.

Gunzi likamdondoka. Mtu huyu aliyekuwa anawatisha watoto wa shule kwa sauti tu alikimbia mpaka nyumbani bila kofia.

Laiti nyumbani kungekuwa salama. Atusaye alikuwa mlangoni, amejifunga khanga kifuani, uso umemnyauka.

"Baba Martha, njoo umwone mtoto."

Martha alikuwa binti yao wa pekee, baada ya wawili waliozikwa Tukuyu kabla hawajapata meno. Alikuwa na miaka minne, maneno mengi, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kilichopinda tangu kilipobanwa na mlango. Baba yake alimpenda kupita kiasi. Kama kuna kitu duniani ambacho Tuntufye asingeweza kukipoteza akabaki mtu, ni Martha.

Mtoto alikuwa amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, nusu ya mwili iko nje. Amejifunika blanketi lake lenye kiraka. Anawaka moto.

"Kila nikimsogeza katikati anarudi pembeni," Atusaye alinong'ona. "Tangu siku ile uliporudi toka huko juu. Nilidhani ni mchezo."

Tuntufye akainama. "Martha. Sogea katikati, mama, utaanguka."

"Hapana, baba."

"Kwa nini?"

"Wamejaa." Akafumbua macho, akatazama nyuma ya baba yake, pembezoni mwa ukuta. "Na wale bado wamesimama. Wanasema tusogee."

Tuntufye hakugeuka. Alisikia ile harufu. Ulezi mbichi. Na blanketi, pale kitandani, upande ambao hapakuwa na mtu, lilikuwa limebonyea.

Hospitali walimpa Martha dawa ya malaria, wakampa na sindano. Homa haikutikisika. Mchungaji alikuja, akaomba kwa bidii, na alipokuwa akiomba mlango ulipigwa kwa kiganja kutoka nje, taratibu, mpaka akasahau alikuwa amefika wapi. Mtoto akaacha kula. Siku ile alipoanza kusema maneno ya Kifipa, lugha ambayo hakuna mtu aliyemfundisha, Tuntufye alipanda basi la asubuhi akaenda kumtafuta yule bibi.

Alimkuta kijiji kipya, kwenye kibanda cha nyasi, anapeta ulezi. Kumbe aliitwa Bibi Fransiska. Rozari ilikuwa shingoni. Tuntufye, na urefu wake wote, alipiga magoti kwenye vumbi.

"Nimekuja unipige hata fimbo, bibi. Mtoto wangu anakufa."

Bibi aliweka ungo chini. "Sina fimbo, baba. Ule unga wangu uliufuta kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa."

"Kiko wapi?"

Alitaka kusema hajui. Lakini alijua. Alikuwa amekiona kila siku na hakukitazama. Atusaye alikitoa kwenye koti, akakifua, na kwa kuwa kilikuwa kipande kizuri na nguo hazipatikani, akakishona kiraka kwenye blanketi la Martha.

Bibi Fransiska aliposikia hivyo alifunga macho.

"Uliwafuta ubavuni mwa gari ukawabeba kwako. Wao wamefuata mkono wangu, kwani kosa lao ni lipi? Wamekuta kitanda cha mtoto, wameambiana ndiyo nyumba mpya."

"Waite waje, bibi. Piga mkono tena."

"Mkono wa nyumba hupigwa mara moja. Wangu umekwisha." Alikitazama kiganja chake kana kwamba si chake. "Sasa anayelala nao ndiye mwenye nyumba. Yeye ndiye wa kuwaonyesha gari."

"Mtoto wa miaka minne?"

"Loweka kile kitambaa, korogea ulezi, mtoto apige mkono kwenye gari linalokuja huku. Atakuja nao. Mwili utabaki kwako, yeye atakuja nao. Wewe na mama yake mkae nyumbani, mlango wazi. Gari likifika hapa, wao watashuka, na yeye atageuka arudi. Mlango ukiwa wazi atapaona." Akamshika mkono, na ni hapo tu sauti yake ilipotetemeka. "Mkono usifutwe njiani, baba. Nasema tena usifutwe. Ukifutwa njiani, atakuwa mmoja wao."

Alfajiri ya siku iliyofuata Tuntufye alimbeba Martha mpaka karakana, amemfunika koti lake. Basi la Mwimbi lilikuwa linapasha injini. Oswaldi alimwona, akaona na bakuli la ulezi lenye kile kiraka kilichofumuliwa, akaelewa bila kuambiwa.

"Sitaugusa," akasema. "Naapa, ndugu yangu."

Basil alikuwa upande wa pili, anapandisha magunia juu ya basi. Tuntufye alimtazama. Alipaswa kumwendea, amwambie neno moja tu, usifute. Lakini ungemwambiaje? Huyu ndiye ambaye Tuntufye alimkaripia mbele ya abiria kwa sababu ya doa la embe. Ndiye aliyemsikia akimwambia bibi wa watu kwamba mkono wa nyumba upigwe kwenye nyumba. Aende sasa amwambie kwamba mizimu inapanda basi? Yeye, Mkristo, msimamizi, mtumishi wa serikali? Akaona haya. Akajisemea kwamba Oswaldi anatosha.

Akauchovya mkono wa mtoto kwenye ulezi. Martha alikuwa mlegevu, lakini alipofikishwa kwenye bati aliinua kiganja mwenyewe.

Paa.

Alama ndogo, chini ya dirisha la nyuma. Kidole kidogo kimepinda.

Kisha kitu kikapita. Tuntufye alikisikia kama watu wengi wanaompita mtu kwenye mlango mwembamba, nguo zinagusa nguo, bega linagusa bega, na kila mmoja anasema samahani kwa kunong'ona. Basi likainama kidogo kwenye springi zake, ingawa hakuna abiria aliyekuwa amepanda bado.

Wakarudi nyumbani. Walifungua mlango, wakauwekea jiwe usifungwe na upepo, wakakaa kando ya kitanda wameshikana mikono. Na mambo yakaanza kuwa mema. Blanketi lilijaa hewa, halina mbonyeo. Harufu ikaisha. Homa ikashuka. Martha, akiwa bado usingizini, akajivuta mwenyewe mpaka katikati ya kitanda na kunyoosha miguu. Atusaye alilia kwa furaha, akaenda kuwasha moto wa uji.

Tuntufye naye alilia. Alidhani ameshinda.

Jua lilikuwa limeanza kulala basi liliporudi, na Basil akapitia kwake. Alisimama kwenye ule mlango wazi, sharubu zimechanwa, uso wa mtu anayesubiri kusifiwa.

"Mzee, nimekuletea habari. Leo wahuni walitupaka mkono ubavuni hapa hapa mjini, sisi hatujui. Nimeuona tuliposimama kuongeza maji, hata nusu ya njia hatujafika. Oswaldi alikuwa ameingia kichakani. Nikatumia debe la rejeta. Nimefuta mpaka hapana alama. Hapo hapo, kama ulivyotufundisha."

Tuntufye akaushika mwimo wa mlango.

"Oswaldi aliporudi akanikunja shati, sijui ana nini siku hizi," Basil akaendelea. "Usiku mwema, mzee."

Ndani, Atusaye alikuwa anacheka. "Baba Martha, njoo. Ameamka. Amekunywa kikombe kizima."

Aliingia. Martha alikuwa amekaa katikati ya kitanda, miguu imenyooshwa mbele kama wanavyokaa wazee. Macho yalikuwa safi. Alimtazama baba yake kwa makini na upole, jinsi unavyomtazama mtu uliyemkuta kituoni. Kisha akainamisha kichwa, akapiga makofi madogo madogo ya kiganja kwa kiganja, ile salamu ya akina mama wa Kifipa kwa mgeni.

"Samahani, baba," akasema. "Gari letu limeshapita?"

"Si unaona michezo yake imerudi," Atusaye alisema, akimfuta mdomo.

Tuntufye alitoka. Hakukumbuka alipitaje barabarani. Karakana ilikuwa na mwanga ule wa mwisho, wa kijivu, na basi lilikuwa mahali pake. Ubavu ulikuwa unang'aa. Basil alikuwa amefanya kazi nzuri kweli, kama mwalimu wake.

Akasubiri. Hakuwa na kingine cha kufanya.

Paa.

Chini ya dirisha la nyuma. Kidogo, kibichi. Kidole cha pembeni kimepinda.

Akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya kile. Bati lote lilikuwa baridi ya Ufipa. Pale tu palikuwa na joto, joto la mkono wa mtoto aliyeshikwa wakati wa kuvuka barabara.

"Martha," akanong'ona. "Mama, niko hapa. Usiondoke."

Nyuma yake akasikia ndoo ikitua chini, maji yakicheza ndani yake, na sauti ya Basil, mchangamfu na mwaminifu kwa kazi.

"Wameturudia, eh? Nipishe, mzee. Umechoka leo. Hiki nakitoa mimi."